Mtakatifu Augustino: Mapeasi ya Jirani na Siri za Nyumbani

Tarehe 28 Agosti Kanisa humkumbuka Augustino, Askofu wa Hippo na Mwalimu wa Kanisa. Jina lake si geni kwetu. Tumewabatiza watoto wetu kwa jina hilo, na makanisa na shule zimewekwa chini yake. Lakini habari zake husimuliwa kwa haraka mno: kijana mpotevu, mama mwenye machozi, kuongoka bustanini, kisha uaskofu. Nimeona mwaka huu twende polepole kidogo, na tuanze mahali ambapo yeye mwenyewe alikaa muda mrefu kuliko tunavyotazamia, yaani chini ya mti wa mapeasi.

Alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini. Mji huo leo huitwa Souk Ahras, nao uko Algeria, karibu na mpaka wa Tunisia. Ni Mwafrika basi, ingawa picha nyingi zimemchora kama mzee wa Ulaya. Nchi yao wakati huo ilitawaliwa na Warumi, na lugha ya shuleni ilikuwa Kilatini. Baba yake, Patricius, alikuwa na ardhi kiasi na mizabibu, tena alikuwa mjumbe wa baraza la mji. Lakini cheo kilikuwa kikubwa kuliko mfuko. Hakuwa Mkristo. Mama yake, Monika, alilelewa katika nyumba ya Kikristo. Walikuwa na watoto wengine, Navigius na binti mmoja.

Wazazi wote wawili waliona kuwa Augustino ana akili nyepesi, wakaazimia kumsomesha kwa gharama yoyote. Alisoma kwanza Thagaste, kisha akapelekwa Madauros. Alipofika umri wa miaka 16 fedha zilipungua, akarudishwa nyumbani mwaka mzima, huku baba akihangaika kupata ada ya kumpeleka Carthage, mji mkubwa wa pwani. Kijana wa miaka 16, hana shule, hana kazi, na mji ni mdogo. Mzazi yeyote anajua yanayofuata.

Karibu na shamba lao la mizabibu palikuwa na mti wa mapeasi. Peasi ni tunda la nchi za baridi. Wenzetu wa milima ya Usambara wanalijua vema. Mti huo ulikuwa mali ya mtu mwingine, nao ulikuwa umezaa sana, ingawa matunda yake hayakuvutia kwa sura wala kwa ladha. Usiku mmoja, baada ya kucheza barabarani hata usiku mkubwa, Augustino na kundi la vijana wenzake waliuendea, wakautikisa, wakaondoka na mizigo mizima ya mapeasi. Walionja machache tu. Mengine waliwatupia nguruwe. Na nyumbani kwao Augustino yalikuwako mapeasi bora kuliko yale.

Kisa ni hicho tu. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyepigwa, na mwenye mti hatumsikii tena. Zaidi ya miaka 25 baadaye, akiwa askofu, Augustino aliandika habari za maisha yake katika vitabu 13 viitwavyo Maungamo, na kisa hiki kidogo akakipa sehemu kubwa ya kitabu cha pili. Wasomaji wengi wamecheka. Askofu mzima, aliyetenda mengine makubwa zaidi ujanani, anajipiga kifua kwa ajili ya mapeasi mabichi! Lakini ukisoma kwa makini utaona kwa nini hakuweza kuyaacha. Mwizi mwenye njaa ana sababu. Mwenye tamaa ya fedha ana sababu. Yeye alijichunguza akakuta hakuwa na sababu yoyote: aliliiba tunda kwa kuwa limekatazwa, na utamu aliouonja ulikuwa katika uovu wenyewe. Kisha akaona jambo la pili lililomtisha, kwamba peke yake asingekwenda. Alikwenda kwa sababu ya kicheko cha wenzake. Ilikuwa aibu kuonekana una aibu. Bila shaka, alipokuwa akiandika, aliukumbuka mti mwingine katika bustani ya kwanza, na watu wawili waliokula pamoja, kisha wakajificha.

Nami naona tusipite bila kutazama ni nini kimeandikwa karibu na mapeasi hayo. Katika kitabu kile kile Augustino anaeleza yaliyokuwa yakitokea ndani ya nyumba yao mwaka ule. Siku moja baba yake alimwona katika hamamu, akatambua kuwa kijana amekwisha kubalehe, akarudi nyumbani amejaa furaha kumweleza mkewe habari za wajukuu. Monika alishtuka. Alimwita mwanawe faraghani, akamwonya juu ya uasherati, na hasa asiguse mke wa mtu. Kijana aliyaona hayo kuwa maneno ya kike tu. Lakini wazazi hao, ambao mmoja alifurahi na mmoja aliogopa, walikubaliana katika jambo moja: asiozwe kwanza, maana mke angemkwamisha katika masomo. Augustino aliandika hayo wazi, wala hakumtoa mama yake. Alimheshimu kuliko mtu yeyote duniani, na bado akasema kuwa katika hilo alikawia.

Patricius alikuwa mtu mwema kwa upande mmoja, na mwenye hasira kali kwa upande wa pili. Tena hakuwa mwaminifu kwa mkewe. Hayo pia yameandikwa na mwanawe. Wanawake wa mji ule walikuwa na alama za mapigo nyusoni mwao, nao walistaajabu kwamba Monika, mwenye mume mkali hivyo, hakuonekana na jeraha. Yeye alikuwa akimngoja mume apoe ndipo amweleze neno lake. Naomba mtu yeyote asichukue habari hii kumwambia dada anayepigwa leo kwamba anyamaze. Augustino anaeleza jinsi mama yake alivyopata njia katika nyumba ile, chini ya desturi zile. Hasemi kwamba mapigo yalikuwa haki. Mwishoni mwa maisha yake Patricius alimwamini Kristo na kubatizwa. Alifariki Augustino akiwa na miaka 17 hivi.

Ipo na siri nyingine, na hii ni ya Monika mwenyewe. Alipokuwa msichana, wazazi wake walikuwa wakimtuma kuteka divai pipani, kwa sababu alikuwa mtoto wa kutegemewa. Kabla ya kuimimina katika chombo alikuwa akiugusa ukingo kwa midomo. Hakuipenda divai, ulikuwa mchezo wa kitoto. Lakini siku kwa siku tone liliongezeka, mpaka akawa ananywa karibu kikombe kizima kwa pupa. Wazazi hawakujua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na aliyejua ni kijakazi aliyekuwa akifuatana naye pipani. Siku moja waligombana, wawili peke yao, na yule kijakazi akamtupia neno la kumchoma, akamwita mlevi. Hakusema kwa upendo. Alitaka kumuumiza bibi yake mdogo. Lakini Monika alijitazama, akaona aibu, akaacha siku ile ile. Mtumwa mwenye hasira alifanya kazi ambayo walezi hawakuifanya. Augustino alisimuliwa kisa hiki na mama yake mwenyewe, akakiandika miaka kumi hivi baada ya kumzika. Tutarudi kwake, maana hakikuishia hapo.

Carthage alifika mwaka 371. Huko alijifunza ufasaha wa kusema, ambao ndio uliokuwa mlango wa vyeo. Huko pia alianza kuishi na mwanamke bila kufunga ndoa. Walikaa pamoja karibu miaka 15, naye alikuwa mwaminifu kwake wakati huo wote. Mwaka 372 hivi walipata mtoto wa kiume, wakamwita Adeodatus, maana yake Mungu ametoa. Augustino anakiri kwamba mtoto huyo hakutazamiwa, lakini alipokwisha kuzaliwa hawakuweza kujizuia kumpenda. Jina la mama wa mtoto hakuliandika popote.

Akiwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, mwandishi wa Kirumi, kilichowasha moyoni mwake hamu ya hekima. Akayafungua Maandiko, akayaona hayana ufasaha, akayaweka kando. Ndipo akaingia katika dini ya wafuasi wa Mani, akakaa nao miaka tisa kama msikilizaji. Hao walifundisha kuwa uovu ni nguvu ya giza iliyotoka nje ya mtu, tena kwamba sehemu za nuru ya Mungu zimefungwa ndani ya matunda na mboga. Tini likichumwa, walisema, lenyewe hulia, na mti ulio mama yake hulia machozi ya maziwa. Wateule wao hawakuchuma. Waliletewa na wasikilizaji, wakala, na kwa kula kwao nuru hiyo ikafunguliwa. Baadaye Augustino aliona ajabu kuwa yeye, msomi, aliamini kwamba mtini unalia, na huku ameketi nyumbani mama yake mzazi akilia machozi ya kweli kwa ajili yake. Na mtu mwenye njaa, asiye wa dini yao, walikatazwa kumpa tini hilo.

Aliporudi Thagaste kufundisha, Monika alikataa kwa muda kuketi naye meza moja. Kisha akapata ndoto ya kumfariji, akamrudisha nyumbani, akaendelea kuomba. Askofu mmoja aliyesumbuliwa sana na maombi yake alimpa moyo kuwa haiwezekani mwana wa machozi mengi hivyo apotee. Hata hivyo mwaka 383 mwana huyo alimdanganya. Alitaka kwenda Roma, na Monika akamfuata hadi ufukweni, akamng’ang’ania ama abaki ama wasafiri pamoja. Augustino akamwambia kuwa anamsindikiza rafiki tu, anayengoja upepo. Akamshawishi alale usiku ule karibu, katika kanisa la kumbukumbu ya Mtakatifu Cyprian. Asubuhi Monika aliamka, chombo kimekwisha tweka tanga.

Mwaka 384 Augustino alipata kazi kubwa Milan, uliokuwa mji wa Kaisari, ya kufundisha ufasaha. Huko alianza kumsikiliza Askofu Ambrosi. Mwanzoni alikwenda kusikiliza lugha yake tu. Lakini pamoja na lugha yaliingia na mambo. Monika alimfuata ng’ambo ya bahari. Sasa mwanawe alikuwa mtu wa kutazamiwa cheo, pengine hata ugavana, na mtu wa namna hiyo alihitaji mke wa heshima mwenye mali kidogo. Monika akashughulika, mchumba akapatikana: mtoto wa kike ambaye alikosa karibu miaka miwili kufikia umri wa kuolewa, na umri huo kwa sheria za Kirumi ulikuwa miaka 12. Ilibidi kungoja. Na kwa kuwa mchumba amekwisha posewa, yule mwanamke wa miaka yote ile aliondolewa kama kizuizi.

Alirudishwa Afrika. Aliweka nadhiri kwa Mungu kwamba hatamjua mwanamume mwingine maisha yake yote. Mtoto wake, wa miaka 13 au 14, alibaki kwa baba. Augustino anasema moyo wake ulishikamana naye, ukararuliwa, ukaacha damu njiani. Lakini hakumfuata, wala hakushika nadhiri kama yeye. Asiyeweza kungoja miaka miwili, alitafuta mwanamke mwingine wa kukaa naye kwa wakati huo. Alikiri yote hayo, na kukiri kwamba hakuweza hata kumwiga yule mwanamke katika wema wake.

Mimi sioni neno la kumtetea hapa, wala la kumtetea Monika. Watakatifu wetu wawili, mama na mwana, walishirikiana kumwondoa mtu nyumbani kwa sababu ya cheo na mahari, na mtoto akatenganishwa na mamaye. Waandishi wengi wa maisha ya watakatifu wamelipita jambo hili kwa mistari miwili. Augustino hakulipita. Kama asingaliliandika yeye, hakuna mtu leo ambaye angalijua kuwa mwanamke huyo aliishi.

Sasa twafika bustanini. Ilikuwa Agosti mwaka 386. Rafiki mmoja Mwafrika, Ponticianus, aliwatembelea, akawasimulia habari za Antonio wa Misri, aliyeacha kila kitu akaenda jangwani. Alipoondoka, Augustino hakuweza kutulia. Alitoka akaingia katika bustani ya nyumba waliyopanga, rafiki yake Alypius akamfuata nyuma. Akili ilikwisha kubali. Nia ndiyo iliyokuwa imegawanyika. Alijitenga na Alypius, akajitupa chini ya mtini, akalia. Hapo akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba jirani ikirudiarudia, kama katika mchezo, kwamba atwae asome. Akarudi pale alipoacha kitabu cha Mtume Paulo, akakifungua, macho yakaangukia mwisho wa sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, panaposema juu ya kuacha ulafi, ulevi na ufisadi, na kumvaa Bwana Yesu. Hakusoma zaidi. Alypius naye akasoma maneno yanayofuata, juu ya kumpokea aliye dhaifu wa imani, akayachukua kuwa yake. Wakaingia ndani kumwambia Monika.

Mti wa kwanza aliuendea usiku pamoja na kundi, wakicheka. Wa pili aliuendea mchana, peke yake, analia. Na huo wa pili ulikuwa mtini, ule ambao alifundishwa kuwa unalia.

Aliacha kazi, akaacha na uchumba. Majira ya vuli walikaa shambani kwa rafiki, mahali paitwapo Cassiciacum: Augustino, Monika, Navigius, Adeodatus, Alypius, na wanafunzi wawili watatu. Mazungumzo yao yaliandikwa, na Monika yumo, anajibu maswali ya wasomi na mara nyingine kuwashinda. Usiku wa Pasaka mwaka 387 Askofu Ambrosi aliwabatiza Augustino, Alypius na Adeodatus pamoja. Kijana alikuwa na miaka 15 hivi, na akili yake, anasema baba, ilimtia hofu.

Walipokuwa safarini kurudi Afrika walipumzika Ostia, bandari ya Roma. Siku moja mama na mwana walisimama dirishani wakitazama bustani ya ndani ya nyumba, wakazungumza juu ya uzima wa watakatifu, mpaka kwa kitambo kidogo wakaona kana kwamba wameugusa. Siku chache baadaye Monika alishikwa na homa. Zamani alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe, na jambo hilo lilikuwa kubwa kwake. Sasa akasema mwili wauzike popote; aliomba tu akumbukwe altareni mwa Bwana. Alifariki siku ya tisa ya ugonjwa, katika mwaka wa 56 wa umri wake. Adeodatus akapaza kilio, wakubwa wakamnyamazisha. Augustino alijizuia wakati wote wa mazishi, akiona kulia si imani. Kesho yake asubuhi, kitandani, peke yake, alilia. Hilo nalo aliliandika, akijua kuwa wako watakaomcheka.

Mwaka 388 walirudi Thagaste. Baba na mwana walitunga kitabu pamoja kwa namna ya mazungumzo, kiitwacho Mwalimu, na Augustino alishuhudia kuwa mawazo yaliyomo chini ya jina la mwanawe ni ya mwanawe kweli, aliyekuwa na miaka 16. Muda si mrefu Adeodatus alifariki.

Mwaka 391 Augustino alikwenda Hippo, mji wa bandari ambao leo ni Annaba. Watu walimkamata kanisani, wakamsukuma mbele kwa Askofu Valerius apewe upadre. Alilia, nao wakadhani analia kwa kuwa hakupewa uaskofu mara moja. Valerius alimpa bustani iliyokuwa mali ya kanisa, ndimo alimojenga nyumba ya watawa. Mwaka 395 au 396 akawekwa wakfu kuwa askofu.

Hapo ndipo minong’ono ilipoanza kuvuma. Huyu si yule mfuasi wa Mani? Si yule aliyezaa mtoto nje ya ndoa? Megalius, askofu wa Calama, kabla ya kumweka wakfu aliandika barua ya kumshutumu, kisha akaomba radhi. Lakini wafuasi wa Donato, waliojitenga na Kanisa, waliishika barua hiyo na kuitumia kwa miaka. Mtu mwingine angaliandika kitabu cha kujitetea. Yeye aliandika Maungamo, kati ya mwaka 397 na 401 hivi, akamweleza Mungu mbele ya watu wote mambo ambayo hata maadui hawakuwa nayo. Nani Hippo angaliyajua mapeasi? Nani angaliijua divai ya Monika? Wahenga walisema mficha uchi hazai, naye hakuficha, isipokuwa lile jina moja. Naona hakulificha kwa ajili yake mwenyewe. Mwanamke yule alikuwa na nadhiri yake, na jina lake likiandikwa angalinyoshewa kidole. Hayo ni maoni yangu. Mwingine aweza kuona kuwa ilikuwa dharau ya wanaume wa siku zile.

Alilolifanya kwa nyumba yake alilifanya na kwa nyumba ya Kanisa. Mapadre walioishi naye waliahidi kutokuwa na mali ya mtu binafsi. Karibu na mwaka 425 alifariki mmoja wao, Januarius. Watu wote walidhani ametimiza ahadi. Kumbe alikuwa na fedha, ambazo alisema ni za binti yake aliyekuwa katika nyumba ya watawa wa kike na hajafikia umri wa kuzitumia. Karibu na kufa akaandika wosia, akaapa kuwa fedha ni zake, akawanyima binti na mwanawe wa kiume, akalirithisha Kanisa. Jambo la namna hii lingeweza kumalizwa kimya ofisini, na fedha zikaingia katika hazina. Augustino aliwaita waumini, akawaeleza yote kutoka kiti chake, akaukataa urithi ule ili Kanisa lisile fedha za watoto. Kisha akawachunguza mapadre na mashemasi wake mmoja mmoja, akasimama tena baada ya Epifania kuwasomea watu hesabu: nani ana nini, na amekifanyia nini. Hakuona kuwa Kanisa linapungukiwa heshima kwa kusema.

Lakini kusema kuna gharama, na gharama ilikuja uzeeni. Julian wa Eclanum, askofu wa Italia, mtetezi wa mafundisho ya Pelagio, alibishana naye kwa miaka mingi juu ya dhambi ya asili. Alikuwa mwana wa rafiki yake Augustino, Askofu Memor, na zamani Augustino alitamani kijana huyo amtembelee Afrika. Sasa, katika kitabu cha kumshambulia, Julian alichukua kisa cha pipani, akamtukania mama yake kwa neno lile lile la kijakazi. Kilichoungamwa mbele ya Mungu kikageuzwa fimbo. Augustino alikuwa na miaka zaidi ya 70. Alijibu kwamba Monika hakumkosea Julian lolote. Kisha akasema kuwa yeye anawaheshimu wazazi wa Julian kama Wakristo waaminifu, na ni heri kwao kwamba walikufa kabla ya kuyaona mafundisho ya mtoto wao. Jibu hilo lina makali, hatuwezi kukana. Lakini kisa cha divai hakukifuta. Mwaka 426 na 427 alikuwa amevipitia vitabu vyake vyote akisahihisha alipokosea, na Maungamo akayaacha karibu kama yalivyokuwa.

Kitabu hicho cha kumjibu Julian hakikumalizika. Katika kurasa zake za mwisho alitaja neno la Cicero kwa mwanawe, kwamba katika watu wote ni mtoto peke yake ambaye baba hutamani amshinde kwa kila kitu, akasema huo ndio moyo wa kila baba. Adeodatus alikuwa amelala kaburini karibu miaka 40.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Mwezi wa tatu Augustino aliugua homa. Aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, akawa akizisoma kitandani na kulia. Siku kumi za mwisho aliomba asiingie mtu, ila waganga na wenye kumletea chakula. Alifariki tarehe 28 Agosti, mwenye umri wa miaka 75. Hakuacha wosia kwa kuwa hakuwa na kitu cha kurithisha; aliagiza tu maktaba ya kanisa itunzwe. Rafiki yake Possidius, aliyekuwa pale, aliandika maisha yake, na akasema tangu mwanzo kuwa mambo aliyoyaeleza Augustino mwenyewe katika Maungamo hatayarudia.

Monika hukumbukwa siku moja kabla ya mwanawe, tarehe 27 Agosti, ingawa zamani sikukuu yake ilikuwa tarehe 4 Mei. Mwaka 1945 vijana wawili waliokuwa wakichimba shimo la nguzo ya mchezo kando ya kanisa huko Ostia walikuta kipande cha jiwe la kaburi lake, na maandishi yakali yanasomeka.